Mvua ikigonga mabati: Je, maji ya paa lako ni salama?

Na DAKTARI WETU

Msimu wa mvua unapobisha hodi, hakuna nyumba isiyojitayarisha. Sufuria, mabeseni, ndoo na mapipa hutolewa nje yakapangwa chini ya upenu. Mvua inapoanza kugonga mabati, kila mtu hushukuru kwamba leo hakuna kwenda mtoni wala kupanga foleni kwenye kioski cha maji. Maji ya mvua hayaji na bili, na yakiwa bado hewani huwa miongoni mwa maji safi zaidi anayoweza kupata mwanadamu.

Taabu huanza yanapogusa paa. Kutoka hapo hadi kwenye kikombe cha mtoto, maji hayo hupita juu ya bati, kwenye mlizamu (au gata, kama mafundi wetu wanavyouita), kwenye bomba na kwenye tangi. Kila hatua inaweza kuyatia ugonjwa. Na yale usiyoyakinga hayapotei. Huenda kwenye ukuta wako, kwenye choo chako au kwenye kisima cha jirani. Wiki hii tutayafuata maji hayo hatua kwa hatua, tuone yanaharibikia wapi na unaweza kufanya nini bila gharama kubwa.

PAA HUKUSANYA MAJI KIASI GANI?

Hesabu yake ni rahisi, hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukufanyia. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 mraba hutoa lita 1 ya maji. Chukua nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Paa lake linafunika mita 40 mraba. Mvua ya milimita 10 juu ya nyumba hiyo ni lita 400. Ukiondoa yanayoruka pembeni, yanayovuja na yanayokauka juu ya bati lenye joto, utabaki na lita 320 hivi, yaani madebe 16.

Jiji la Nairobi hupata takriban milimita 900 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka wa kawaida. Kwa hivyo nyumba hiyo ndogo inaweza kukinga zaidi ya lita 28,000 kwa mwaka. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupikiwa, inahitaji lita 30 kwa siku, au karibu lita 11,000 kwa mwaka. Utaona basi kwamba paa linatosha na kubakisha.

Shida ni kwamba mvua zetu nyingi huja kwa misimu miwili, masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba ni siku 122. Tangi la lita 4,000 likijazwa mwishoni mwa Mei, na likitengwa kwa kunywa na kupika pekee, litakufikisha vuli. Likitumiwa kufulia nguo na kuoshea gari, litaisha kabla ya mwezi wa Julai kwisha.

UCHAFU UNATOKA WAPI?

Tazama paa lako baada ya miezi mitatu ya kiangazi. Lina vumbi la barabarani, masizi ya jikoni na majani makavu. Lina kinyesi cha njiwa, kunguru, paka, panya, popo na mijusi. Kinyesi hicho hubeba viini kama salmonela na kampilobakta, ambavyo huleta kuhara, homa na maumivu makali ya tumbo. Mkojo wa panya unaweza kuwa na viini vya leptospirosi, ugonjwa unaoharibu ini na figo.

Jua kali juu ya bati huua sehemu ya viini hivyo, na ndiyo sababu maji ya paa la mabati kwa kawaida huwa afadhali kuliko ya mapaa mengine. Lakini haliui vyote. Mvua ya kwanza ya msimu huosha paa zima kwa dakika chache na kusukuma uchafu wa miezi mitatu moja kwa moja ndani ya tangi lako.

Mama mmoja aliwahi kuniletea watoto wawili waliokuwa wakihara kwa mara ya tatu tangu mvua ianze. Nilipomuuliza kuhusu maji, alinieleza kwamba ya mfereji alikuwa akiyachemsha bila kukosa, ila yale ya mvua aliwapa vivyo hivyo, kwa sababu yametoka kwa Mungu moja kwa moja. Nilimwomba akifika nyumbani amwambie mtu afunike pua na kufungua tangi. Walikuta mjusi aliyeoza, na kwenye mlizamu kulikuwa na kiota cha njiwa. Dawa ya watoto wale ilikuwa ngazi, ufagio na wavu wa senti chache.

MAJI YA KWANZA NI YA KUMWAGA

Kanuni ya kwanza basi ni hii: usikinge maji ya mwanzo. Kwa kila mita 1 mraba ya paa, mwaga angalau nusu lita hadi lita 1 kabla ya kuruhusu maji kuingia kwenye tangi. Kwa nyumba yetu ya mita 40 mraba, hiyo ni lita 20 hadi 40, yaani debe moja au mawili. Ikiwa mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa, ongeza zaidi. Maji hayo si ya kutupa ovyo. Yamwagie mboga zako kwenye mizizi, au uyatumie kuoshea choo.

Unaweza kufanya hivyo kwa mkono, kwa kugeuza bomba la kuteremshia maji lielekee nje mpaka mvua iwe imepiga dakika kumi hivi. Wasiwasi wangu ni kwamba mvua nyingi hunyesha usiku, na ni nani atakayeamka? Fundi wako anaweza kukuwekea bomba nene linalosimama wima kando ya tangi, lililozibwa chini. Maji machafu ya mwanzo hujaza bomba hilo kwanza, na likishajaa, maji safi hupita juu yake kuingia kwenye tangi. Chini yake weka tundu dogo la kudondoshea maji, ili bomba liwe tupu kabla ya mvua inayofuata.

MLIZAMU NA TANGI

Mlizamu usioinama hubaki na maji, na maji yakibaki huzaa mbu na kuozesha majani. Mwambie fundi auteremshe sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea kwenye bomba. Kwa ukuta wa mita 8, upande mmoja utakuwa chini kwa sentimita 8. Kuhusu upana, kipimo cha kukumbuka ni kwamba kila mita 1 mraba ya paa inahitaji sentimita 1 mraba ya nafasi ndani ya mlizamu. Ukiwa mdogo kuliko hapo, mvua kubwa itaruka nje na kumwagika ukutani.

Kata matawi yanayoning'inia juu ya nyumba, kwani ndiyo njia ya panya na ndege. Safisha mlizamu kabla ya masika na kabla ya vuli. Unapopanda, awepo mtu wa kushika ngazi, na usipande kabisa penye nyaya za umeme karibu. Watu huvunjika kiuno kwa kuondoa majani ya thamani ya bure.

Tangi nalo lina masharti yake. Lifunike vizuri, kwanza kwa ajili ya uchafu na mbu, na pili kwa sababu mtoto mdogo anaweza kutumbukia ndani yake akafa bila kutoa sauti. Lisipitishe mwangaza, maana mwangaza huotesha ukungu wa kijani. Bomba la kutolea maji liwe sentimita 10 hivi juu ya sakafu ya tangi, ili tope lililotulia chini lisitoke. Teka kwa bomba, wala usichovye kopo au ndoo, kwa kuwa mikono huchafua maji haraka kuliko njiwa. Likihitaji kuoshwa, usiruhusu mtu aingie peke yake ndani ya tangi lililofungwa. Hewa humo huwa haba, na mvuke wa dawa ya klorini unaweza kumlewesha.

MBU ANAYEPENDA MAJI YA NYUMBANI

Wengi wetu tukisikia mbu tunafikiria madimbwi na vinamasi. Lakini yuko mbu mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, aitwaye Aedes, ambaye hupenda maji ya pipa, tangi, gurudumu kuukuu na mlizamu ulioziba. Huyu huuma mchana, kwa hivyo neti ya usiku haikukingi naye. Ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi, na maji yakiyafikia huanguliwa. Ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, mbu wazima huruka.

Kisa cha Lamu kinatufunza mengi. Mwaka 2004 chikungunya iliukumba mji huo, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Ajabu ni kwamba wakati huo ulikuwa wa ukame. Watu walikuwa wameweka maji nyumbani kwa muda mrefu, na mbu wakapata makao. Mwaka huohuo ugonjwa ulifika Mombasa, na mwaka 2005 ukavuka bahari hadi visiwa vya Ngazija. Mombasa iliguswa tena na dengi mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017.

Aidha, mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, mwenye asili ya bara la Asia, amepatikana Kaunti ya Marsabit. Huyu, tofauti na wenzake tuliowazoea, huzaliana vizuri katika matangi na mapipa ya mijini. Kwa maneno mengine, mkazi wa mji anayeacha tangi wazi leo anaweza kuwa anafuga malaria mlangoni mwake.

Kinga yake ni nafuu. Weka wavu mwembamba kwenye tundu la kuingiza maji na kwenye bomba la kufurikia, mahali ambapo wengi husahau. Mapipa yasiyo na kifuniko yafunge kwa kitambaa kizito na kamba ya mpira. Kila wiki, mwaga maji ya vyombo vidogo na usugue kuta zake kwa brashi ili kuondoa mayai. Kumwaga peke yake hakutoshi. Wazee wa Pwani waliweka samaki wadogo katika mabirika yao ili wale viluwiluwi, na hekima hiyo bado inafaa kwa maji ya kuogea. Wanaoishi kwenye ghorofa zenye paa la slabu wahakikishe kwamba tundu la kutolea maji halijaziba, maana paa bapa lililoziba ni bwawa.

WAKAZI WA BONDE LA UFA, SIKILIZENI

Kuna eneo ambalo maji ya paa yana faida ya pekee. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Naivasha, maji ya visima virefu yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa muda mrefu, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo huuma na kukakamaa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kwa kweli, maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki huwa na floraidi nyingi zaidi.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Meno ya kudumu huumbika ndani ya ufizi tangu utotoni hadi miaka 8 hivi, na madoa yakishaingia hayafutiki kwa mswaki. Kwa hivyo ikiwa unaishi huko na tangi lako ni dogo, watengee watoto walio chini ya umri huo. Maji yao ya kunywa, uji wao na chai yao vitoke kwenye paa. Watu wazima na nguo waende na ya kisima.

JE, PAA LENYEWE NI LA AINA GANI?

Mabati yaliyopakwa zinki ni mazuri kwa kukinga maji. Maji yanaweza kuwa na ladha ya chuma kidogo, lakini kwa kiwango hicho hayadhuru. Jihadhari na rangi za zamani zenye risasi na vipande vya risasi vilivyotumiwa kuzibia nyufa. Maji ya mvua huyeyusha madini hayo, na risasi hudhoofisha akili ya mtoto pasipo dalili za mapema. Makuti hutoa maji ya rangi ya chai yenye takataka nyingi, kwa hiyo yafaa kwa kufua na kumwagilia, wala si kwa kunywa.

Mapaa ya asbesto yangalipo kwenye baadhi ya shule na nyumba za zamani. Hatari yake kubwa iko katika kuvuta pumzi nyuzinyuzi zake, zinazoweza kuleta saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu miaka mingi baadaye. Usilitoboe, usilisugue, usilikate kwa msumeno wala kulivunja ili ufunge mlizamu. Kuliondoa ni kazi ya waliopewa leseni. Katika sheria za Kenya, asbesto ni taka hatari.

YANAYOMWAGIKA YANAENDA WAPI?

Sasa tufikirie ploti yenye nyumba 10 za kupangisha, kila moja na paa la mita 40 mraba, bila mlizamu hata mmoja. Mvua ya milimita 50 ikipiga usiku mmoja, mapaa hayo humwaga lita 20,000, sawa na madebe 1,000, kwenye ujia mwembamba ulio kati ya milango. Yatapita wapi? Mara nyingi mwisho wa ujia huo ni choo cha shimo. Shimo hufurika, na kinyesi hutoka kikaogelea hadi kwenye kisima kifupi na kwenye miguu ya watoto wanaocheza. Kipindupindu na homa ya matumbo havihitaji mwaliko mwingine.

Mwenye nyumba, hili ni lako. Mlizamu na mtaro mmoja wa saruji unaopeleka maji mbali na choo ni gharama ndogo kuliko wapangaji waliolazwa. Mpangaji, hili lizungumzieni kwa pamoja kabla ya masika, kwani mtu mmoja akilalamika huonekana mkorofi, ila kumi wakilalamika husikilizwa.

Maji yanayodondoka karibu na ukuta pia hupanda ndani yake. Ukuta wenye unyevu huota kuvu, na kuvu huamsha pumu na kikohozi cha usiku, hasa kwa watoto. Ikiwa mwanao hukohoa kila msimu wa mvua na dawa hazisaidii, inua godoro utazame ukuta ulio nyuma ya kitanda.

JINSI YA KUYATIBU

Hata ukifanya yote hayo, maji ya paa yatibu kabla ya kunywa. Njia ni tatu:

1. Chemsha mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1. Walio juu ya mita 2,000, kama Limuru na Nyahururu, wachemshe kwa dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kupata moto kamili.

2. Tia dawa ya klorini iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ungoje dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

3. Asiye na kuni wala dawa ajaze maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, kisha azilaze juani juu ya bati kwa saa 6. Siku ya mawingu, aziache siku 2 mfululizo.

LINI UMWONE DAKTARI?

Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti mara moja, na umwendeshe kituo cha afya akapate pia vidonge vya zinki. Ukikosa pakiti, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Usichelewe ukiona macho yamezama, damu kwenye choo, au mtoto asiyeweza kunywa.

Homa kali yenye maumivu ya viungo au nyuma ya macho, pima malaria kwanza. Wakati ukingoja majibu, tumia parasetamoli. Jiepushe na aspirini na ibuprofeni, kwani kama ni dengi zinaweza kuzidisha kutoka damu. Ukiona damu kwenye ufizi au puani, tumbo likiuma sana au kutapika kusikokoma, nenda hospitalini siku hiyohiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi hii, kabla mawingu hayajakusanyika, azima ngazi kwa jirani. Ondoa majani kwenye mlizamu, kagua kifuniko cha tangi, funga wavu kwenye bomba la kufurikia, kisha tembea nyuma ya nyumba uone maji huelekea wapi. Ni kazi ya asubuhi moja, na huenda ikawaepusha wanao na wiki nzima ya kitanda.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.